Mbwa Mkubwa Akiharisha Baada ya Kubadilishiwa Chakula: Ninavyofanya Mimi Mpishi wa Mbwa

Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kupika chakula cha mbwa wa ulinzi, huko Boko, Dar es Salaam. Walikuwa mbwa 19: German Shepherd 15, Rottweiler 3, na Boerboel mmoja wa kilo 62 tuliyemwita Tembo. Kila siku saa 8 mchana nilibandika masufuria mawili makubwa kwenye kuni, moja la ugali wa dona, jingine la dagaa na vichwa vya kuku. Saa 11 jioni wanakula, na giza likiingia vijana wanawapakia kwenye gari kwenda lindoni.

Julai 2017 mwajiri akaamua mbwa wote wahamie chakula kikavu cha mfuko. Tuliambiwa Ijumaa, mifuko ikaletwa Jumamosi, na Jumapili jioni masufuria yangu yalikuwa yamefunikwa kifudifudi. Jumatatu alfajiri nilipofungua banda nilisimama mlangoni, sikujua nianzie wapi. Mbwa 14 walikuwa wameharisha usiku kucha. Shujaa, German Shepherd wa kilo 38 ambaye hakuwahi kuchafua chumba chake hata siku moja, alikuwa amejibana kwenye kipande kidogo cha saruji kilichobaki kikavu, masikio yamelala, ananiangalia kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Niliumia sana.

Kila mtu pale alikuwa na neno moja: chakula kibovu, kirudishwe. Daktari wa mifugo alipofika saa 4 hakuugusa mfuko kwanza. Aliomba kuona bakuli.

"Mama, jana uliwapimia na hili?"

"Ndiyo, daktari. Ndilo la siku zote."

Akalijaza chakula kikavu mpaka mdomoni, akaliweka juu ya mzani wangu wa unga. Gramu 750. Kisha akanigeuzia mfuko nisome maandishi ya nyuma: mbwa wa kilo 38, gramu 430 kwa siku nzima.

Tangu siku hiyo nimeitwa kwenye nyumba nyingi, Bunju, Mbweni, mpaka Kibaha, kwa watu wenye mbwa wakubwa wanaoharisha baada ya kubadilishiwa chakula. Mara nyingi kisa ninachokikuta ni kilekile cha bakuli langu. Chakula kipya hakina ubaya wowote, ila kimekuja kingi mno na kwa ghafla mno. Kwa hiyo kabla hujatupa mfuko ulionunua kwa pesa nyingi, soma haya.

Kwa nini tumbo linachafuka

Ugali niliokuwa nawasongea ulikuwa laini, zaidi ya nusu yake maji. Chakula kikavu kina maji kama sehemu 1 tu kati ya 10. Ukipima kwa macho, bakuli ni lilelile, lakini gramu kwa gramu kile kikavu kina nguvu mara 2 hadi 3 ya ugali, na mafuta yake ni mengi kuliko aliyozoea mbwa wa dona. Utumbo mwembamba unashindwa kukimeng'enya chote, mabaki yanashuka utumbo mpana, bakteria wanayachachusha, maji yanavutwa kuja ndani, na choo kinatoka uji. Bakteria wenyewe wanaoishi tumboni walikuwa wamezoea wanga wa mahindi, wanahitaji siku kadhaa kujipanga upya. Hata kongosho linalotoa vimeng'enya halibadilishi mapishi yake kwa usiku mmoja.

Mbwa mkubwa anaumia zaidi ya mdogo, na kuna sababu ya kimaumbile. Mbwa mdogo wa kilo 5, njia yake ya chakula ni karibu asilimia 7 ya uzito wa mwili. Mbwa wa kilo 60, ni chini ya asilimia 3. Yaani mwili mkubwa umepewa kiwanda kidogo. Tena chakula kinakaa muda mrefu zaidi kwenye utumbo wake mpana, kinachacha zaidi, ndiyo maana hata akiwa mzima choo chake huwa kilaini kidogo kuliko cha mbwa mdogo anayekula chakula hichohicho. Mwenye Boerboel asitegemee choo kikavu kama cha mbwa mdogo wa jirani.

Kabla ya yote, hakikisha si tumbo lililojisokota

Tembo hakuharisha. Jumatatu ile alikuwa miongoni mwa watano walioonekana wazima, nasi tukamsifu kwamba ana tumbo la chuma. Jumanne jioni, kabla kipimo kipya hakijawafikia wote, kijana aliyeshika zamu alimjazia bakuli kama zamani. Alikula lote kwa pupa, akanywa maji mengi, akarukia gari. Saa 3 usiku walipiga simu kutoka lindoni kwamba Tembo anataka kutapika ila hakitoki kitu, labda ni kile chakula kipya, wamwache apumzike. Nami nikasema apumzike. Alikufa kabla hakujakucha, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma.

Ndiyo maana naanzia hapa. Mbwa wenye kifua kirefu na kipana, kama German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na Great Dane, wako kwenye hatari ya tumbo kujaa gesi kisha kujipindua. Likijipindua, njia ya kuingia na ya kutoka zote zinafungwa, damu haipiti, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Dalili yake kubwa ni hii: anajikamua kutapika tena na tena, hatoi kitu isipokuwa povu na mate. Pamoja nayo tumbo linajaa nyuma ya mbavu, hatulii, anazunguka, anageuka kutazama ubavu wake, anahema. Ukiona hivyo usimpe maji, usimpe mafuta, usimpe soda wala chochote cha kulainisha. Mpigie daktari ukiwa tayari njiani, hata kama ni saa 8 usiku. Tiba yake ni kutolewa gesi na upasuaji, haifanyiki nyumbani.

Mengine yanayotaka daktari siku hiyohiyo: choo cheusi kama lami, au damu nyingi, kutapika zaidi ya mara tatu kwa siku, mbwa aliyelala tu, hataki hata kuinua kichwa, joto la mwili linalopita 39.5 ukipima kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa (mzima anakaa kati ya 38 na 39.2). Na mtoto wa mbwa, hasa asiyemaliza chanjo, anayeharisha na kutapika kwa pamoja, usiseme ni chakula. Inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi vya tumboni, na parvo inaua watoto wa mbwa kwa siku mbili au tatu.

Damu kidogo nyekundu yenye utelezi kama kamasi juu ya choo kilaini, kwa mbwa mwenye nguvu zake anayetikisa mkia, mara nyingi ni utumbo mpana uliokwaruzika. Inatisha kuitazama, lakini unaweza kumwangalia siku moja huku ukifuata hatua zinazofuata.

Saa 24 za kwanza

Sitisha chakula kipya. Usichanganye, usipunguze, acha kabisa kwa siku chache.

Kama anaharisha bila kutapika, simfungishi. Zamani tulikuwa tunawanyima chakula siku nzima tukidhani tunapumzisha tumbo, lakini ukuta wa utumbo unajikarabati kwa chakula, na mbwa mwenye njaa anakwenda kufukua jalala. Nampa mlo mwepesi, kidogo kidogo. Kama anatapika pia, hapo naacha tumbo tupu saa 6 hadi 12, halafu naanza na vijiko vichache vya wali. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 6 simfungishi kamwe. Huyo akitapika, ni kwa daktari.

Maji ndiyo ninayoyasimamia kuliko chakula. Mbwa wa kilo 40 kwa kawaida anahitaji kama lita 2 kwa siku, na kumbuka aliyekuwa anakula ugali alikuwa anapata sehemu kubwa ya maji hayo ndani ya bakuli la chakula. Ukimhamishia kikavu bila kuongeza maji umemkausha, na akiharisha umemkausha mara mbili, hasa kwenye joto letu la Januari na Februari. Naweka ndoo mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji ya chumvi na sukari yale tunayowapa watoto wetu: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pakiti ya ORS ya duka la dawa inafaa pia, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Achague mwenyewe, usimmiminie mdomoni kwa nguvu, yanaweza kuingia mapafuni. Yakishinda saa 24, mwaga utengeneze mengine. Kama alikuwa anatapika, usimwachie ndoo nzima, maana atakunywa yote na kuyarudisha yote. Mpe nusu kikombe kila baada ya nusu saa.

Kujua kama amekaukiwa, inua mdomo wake, bonyeza fizi kwa kidole, achia. Inageuka nyeupe halafu inarudi waridi. Irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Shika fizi yenyewe: iwe na utelezi, isinate. Kisha vuta ngozi ya mabegani juu na uiachie. Ikirudi taratibu kama unga uliokandwa, maji yamepungua mwilini na ndoo peke yake haitatosha, anahitaji dripu.

Jambo jingine ambalo watu wa mbwa wenye manyoya marefu hulisahau: msafishe nyuma. Manyoya yaliyolowa kinyesi yanavuta nzi, na nzi wakitaga hapo unapata funza ndani ya siku mbili. Nilikuwa nawaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, nawakausha kwa kanga kuukuu, na walio na manyoya mengi mapajani nayapunguza kwa mkasi.

Wali wa mgonjwa

Hapa ndipo nilipo nyumbani, na nitaeleza polepole kwa sababu wengi wanakosea.

Mchele chukua chenga, ni wa bei nafuu na unalainika haraka. Uoshe mpaka maji yatoke meupe kidogo tu. Kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 5 vya maji, moto mdogo, ufunike, usiukaushe kama wali wa kula sisi. Tunataka bokoboko, punje zimepasuka na zinashikana, ukiuchota kwa kijiko unadondoka taratibu. Mchele mweupe, si ule wa kahawia. Makapi yake yana nyuzi nyingi kwa tumbo lililochoka.

Nyama ni kidari cha kuku wa kisasa. Ondoa ngozi yote, na yale mafuta ya njano yaliyojificha chini ya ngozi yatoe kwa kisu. Chemsha kwa maji matupu mpaka iive sana, dakika 25 hadi 30, ichambue nyuzi nyuzi kwa mkono na uhakikishe hakuna mfupa. Supu iache ipoe kabisa, mafuta yagande juu, yaenguliwe, ndipo uitumie kulowesha wali. Usitie chumvi. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, hata kipande, kwa sababu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Na zile pakiti za viungo vya mchuzi, ambazo zina chumvi na kitunguu ndani yake, zikae mbali na sufuria hii.

Kuku akikosekana, mayai ya kuchemsha yanafaa, au minofu ya sangara iliyochemshwa na kukaguliwa miiba kwa vidole. Nyama ya ng'ombe mimi siipendi kwa kazi hii, ya buchani huwa na mafuta mengi. Utumbo na bandama viache kabisa wiki hii.

Changanya sehemu 2 za wali kwa sehemu 1 ya kuku. Ongeza boga lililochemshwa na kupondwa, vijiko vya mezani 2 au 3 kwa kila mlo kwa mbwa wa kilo 40. Nyuzi za boga zinanyonya maji yaliyozidi na zinalisha bakteria wazuri. Usizidishe, boga likiwa jingi nalo linaharisha.

Siku ya kwanza namgawia mbwa wa kilo 40 kikombe kimoja cha chai mara nne au tano. Choo kikianza kushikana napanda hadi kikombe kimoja na nusu mara nne. Ataonekana ana njaa, atakulalamikia, atabeba bakuli mdomoni na kulileta jikoni kama alivyokuwa akifanya Shujaa. Shikilia kipimo. Mlo mmoja mkubwa wa huruma unaweza kukurudisha mwanzo.

Chakula hiki ni cha siku 3 hadi 5, si cha mwezi. Hakina kalisi ya kutosha wala vitamini za kutosha kumjenga mbwa, na mtoto wa Boerboel anayekua akilishwa wali na kuku wiki nyingi mifupa yake itaharibika.

Kurudi kwenye chakula kipya

Subiri mpaka upate choo chenye umbo mara mbili mfululizo. Choo kizuri kinaokoteka, kinaacha alama ndogo tu chini. Kisha tafuta mzani. Si lazima uwe wa kisasa, ule wa jikoni unatosha. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko kwa uzito wa mbwa wako, na huo ndio uwe mwisho wa safari, usiwe mwanzo. Kama hujui uzito wake, panda juu ya mzani wa watu ukiwa umembeba, halafu panda peke yako, toa. Aliyekushinda kubeba, mpeleke kwa daktari au kwa muuza nafaka mwenye mzani wa gunia.

Daktari alinipa mpango huu, nami sijauacha mpaka leo. Siku ya 1 hadi ya 3, robo ya mlo ni chakula kipya, robo tatu ni kile tumbo linachokijua. Siku ya 4 hadi ya 6, nusu kwa nusu. Siku ya 7 hadi ya 9, robo tatu kipya. Siku ya 10, chote. Robo na nusu hizo si za ujazo wa bakuli. Kama kipimo chake cha siku ni gramu 430, robo ni gramu 108 kwa siku, na gramu hizo zinagawanywa kwenye milo. Ukikosea hapa umerudi kwenye bakuli langu la Jumapili.

Mbwa wa kilo 40 na zaidi napendelea siku 14 badala ya 10. Nikiona choo kimelegea, sirudi nyuma mpaka mwanzo, nabaki pale nilipo siku mbili zaidi. Kikiwa maji, narudi hatua moja. Shujaa alikwama siku ya nusu kwa nusu mara mbili, nikaenda naye polepole, na siku ya 16 alikuwa kwenye chakula kikavu kitupu na choo chake kimeshikana. German Shepherd wengine wawili walimaliza kwa siku 10 bila tatizo. Nilikuwa na daftari la shule lililowekwa mistari, kila mbwa na ukurasa wake, tarehe, gramu, na alama ya choo: G kigumu, L kilaini, U uji, M maji. Bila daftari, mbwa 19 wanachanganyika kichwani, na hata mwenye mbwa mmoja husahau alianza lini.

Loweka chakula kikavu kwa maji ya vuguvugu dakika 15 kabla ya kumpa. Gawa kwa milo 2 au 3 kwa siku, usimlishe wote jioni kama tulivyokuwa tunafanya. Mapumziko ya saa moja au zaidi kabla na baada ya kula, hakuna kukimbia wala kuruka. Anayekula kwa pupa, muwekee jiwe kubwa safi katikati ya bakuli, kubwa kiasi asiweze kulimeza, alizunguke kwa ulimi. Baada ya Tembo, sheria ya kwanza niliyoiandika ukutani pale bandani kwa chaki ilikuwa ratiba ya saa: chakula saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, gari saa 12.

Na katika wiki hizo mbili kitu kipya kiwe kimoja tu. Usimpe dawa ya minyoo, mfupa mpya na chakula kipya katika juma moja. Akiharisha hutajua umlaumu nani.

Usimpe haya

Maziwa. Najua desturi yetu, mbwa akiumwa anapewa maziwa. Mbwa wengi wazima hawana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, inashuka utumboni na kuongeza kuharisha.

Metronidazole iliyobaki kabatini. Watu wanaivunja nusu na kuichanganya kwenye ugali. Tumbo lililochafuka kwa kubadilishiwa chakula halina mdudu wa kuuawa, na dawa hiyo inafagia bakteria walewale unaowahitaji wajipange. Daktari akiiandika baada ya kupima choo, sawa. Dawa za kuzuia kuharisha za binadamu, kama loperamide, nazo usijiamulie; kuna mbwa wa aina fulani ambao inapenya mpaka ubongoni, na kama kuna sumu au vijidudu ndani unavifungia humo. Panadol na dawa nyingine za maumivu za binadamu usizijaribu kwa mbwa hata kidogo.

Mifupa ya kuku iliyopikwa. Inapasuka vipande vyenye ncha.

Isipopona

Umefuata yote haya na siku ya 4 bado ni maji, chukua choo kibichi kwenye kopo safi lenye kifuniko, mpeleke mbwa pamoja nacho kwa daktari wa mifugo, au anza na afisa mifugo wa kata akuelekeze. Mara nyingine chakula kipya kimegongana tu na ugonjwa uliokuwepo. Minyoo na giardia, kijidudu cha utumboni kisichoonekana kwa macho, ni vya kawaida. Homa ya kupe nayo huanza kwa kukataa kula, na mwenye mbwa husema hapendi chakula kipya. Tazama fizi kama zimepauka na mkojo kama umekuwa mweusi. Mwenye German Shepherd anayekula sana, anazidi kukonda, na choo ni kingi, cha rangi ya udongo mfinyanzi, kinang'aa mafuta, mwambie daktari aangalie kongosho. Ukoo huo una ugonjwa wa kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya, na unatibiwa maisha yote kwa kuongezewa vimeng'enya hivyo kwenye chakula.

Mfuko wenyewe pia ukague. Kwenye unyevu wa pwani, mfuko ukishafunguliwa mafuta yanaanza kuchacha. Mimi nahamishia kwenye ndoo yenye mfuniko, mfuko wake ukiwa ndani, na nanunua wa kumalizika ndani ya mwezi. Wanaokupimia kwa kilo kutoka kwenye gunia lililokaa wazi dukani, huwezi kujua limefunguliwa lini.

Kama unarudi kwenye ugali

Bei ikipanda, wengi wanarudi jikoni, na safari hiyo nayo ni mabadiliko ya chakula. Tumia siku zilezile 10 hadi 14, kwa kinyume, na usishangae bakuli likiwa kubwa zaidi.

Kwa mahindi, simama imara. Watu huwapelekea mbwa yale yaliyokataliwa, yenye ukungu, yaliyonyeshewa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mbwa ini lake ni jepesi kuumia kwa sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Mbwa akikataa ugali, anatapika, na weupe wa macho unageuka njano, si tumbo la kubadilishiwa chakula hilo. Unga wote uliobaki uutoe nyumbani siku hiyo.

Dagaa wa ziwani waliokaushwa juu ya mchanga huja na mchanga wao, na mchanga unakwaruza utumbo mpana mpaka damu ile ya kamasi inatokea. Nawapepeta kwanza kwenye ungo, nawaloweka maji ya moto robo saa, nawatoa kwa mkono bila kuwamimina ili mchanga ubaki chini, halafu nawaosha tena mara mbili. Maji yale ya kwanza namwaga nje, hayaingii kwenye sufuria.